Usiku wa Kuamkia Tarehe 14

Laptopu ya nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, ni moja, na kila mtu ana haki nayo. Mume wangu huandikia barua za msikiti na hesabu za mafundi wake. Binti yetu wa kidato cha tano hufanyia mazoezi ya fizikia. Mimi naweka humo oda za maandazi, sambusa na keki. Wifi yangu, ambaye ni mhazini wa kila kamati inayoundwa katika ukoo huu, iwe ya harusi au ya msiba, ameweka humo orodha zake zote za michango. Shemeji yangu, kitinda mimba wao, anasomea mambo ya kompyuta chuoni, na akija likizo mashine inakuwa yake, kwa kuwa ndiye pekee anayeijua kwa ndani. Bibi, yaani mama mkwe wangu, haigusi kabisa. Lakini yeye ndiye msimamizi wa Luku, mita yetu ya umeme, na hakuna kinachochajiwa nyumba hii bila yeye kujua, kwa hiyo naye ana kauli.

Mashine yenyewe tuliinunua ikiwa imeshatumika, kutoka Kariakoo. Ilikuja na Windows 10, diski ya GB 128 ambayo siku zote imejaa, na betri iliyochoka: ukichomoa waya wa chaji, unayo nusu saa ya kumaliza ulilokuwa ukilifanya.

Septemba ya 2025 ikaanza kutuletea taarifa ileile kila ikiwashwa, kwamba msaada wa Windows 10 unakoma tarehe 14 Oktoba. Mume wangu alikuwa akiifunga bila kuisoma. Mimi nilikuwa nikiisoma halafu naifunga. Shemeji alipofika likizo akaisoma kwa sauti pale sebuleni, chai ikiwa mezani.

"Dada," akamwambia wifi, "hii mashine lazima ipande Windows 11 kabla ya Jumanne ya tarehe 14."

"Jumanne hiyo ni sikukuu ya Mwalimu Nyerere, watu hawaendi kazini. Nimeita kikao cha mwisho cha kamati saa kumi alasiri. Na Jumamosi ndiyo harusi. Ngoja mtoto aolewe."

Mtoto mwenyewe ni binti wa dada yao mkubwa. Wifi ni mama yake mdogo, na kwa muda wote wa maandalizi alikuwa halali vizuri.

Shemeji hakungoja. Akatueleza habari ya WannaCry, na aliieleza vizuri, lazima niseme. Machi 14, 2017 Microsoft walitoa sahihisho la kuziba tundu moja katika Windows. Watu wengi hawakuliweka. Mei 12 mwaka huohuo, miezi miwili baadaye, kirusi kikapita kwenye tundu lilelile, kikaingia katika kompyuta za nchi zipatazo 150, kikazifunga faili za watu kwa ufunguo wa siri na kudai dola 300 za kuzifungulia. Hospitali nyingi za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Waliokuwa wameweka sahihisho la Machi walisalimika.

"Sasa dada, ukishapita Jumanne, Windows 10 hailetewi tena masahihisho. Tundu likipatikana, litabaki wazi."

Binti yetu, ambaye hakubali hoja yoyote bila kuitafutia upande wa pili, akaingilia. "Baba mdogo, mbona husemi ya 2018? Toleo la Oktoba lilianza kutolewa tarehe 2, tarehe 6 likasimamishwa, kwa sababu kuna watu walikuta nyaraka na picha zao zimefutika. Likarudi Novemba 13, limeshatengenezwa. Waliofanya haraka ndio waliopoteza."

Mabishano yakaenda hivyo siku kadhaa, mara mezani, mara uani, mara kwenye simu wifi akiwa kazini. Kila mmoja alikuwa na mfano wa kweli, na kila mmoja aliona mwenzake ni mkaidi. Nimelitafakari sana jambo lile tangu hapo, na naona walikuwa wakizungumzia vitu viwili kwa jina moja. Masahihisho ya usalama, yale ambayo Microsoft huyatoa kila Jumanne ya pili ya mwezi, yanaziba tundu ambalo limeshajulikana. Siku yanapotoka, mwizi naye anaambiwa tundu liko wapi. Kuyachelewesha ni kumpa muda wa kufika. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema shemeji, na alikuwa sahihi. Toleo jipya ni jambo jingine: linabadilisha mashine yenyewe, mahali pa vitu, namna inavyozungumza na printa, programu zinazokubali na zinazokataa. Hilo linastahili kusubiriwa hadi wengine wamelipitia na makosa yake yameonekana. Hata watengenezaji wanalijua hilo. Wale wa Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta, walitoa toleo lao la muda mrefu, 24.04, Aprili 2024, lakini aliyekuwa kwenye toleo la muda mrefu lililotangulia hakuitwa kuhama mpaka lilipotoka sahihisho lake la kwanza, Agosti. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema binti yetu, naye alikuwa sahihi.

Ila Windows 11 ilikuwa sokoni tangu Oktoba 5, 2021. Ilikuwa na miaka minne. Muda wa kungoja wengine watangulie ulikuwa umeshakwisha zamani, na mashine yetu ilikuwa na vyote vinavyotakiwa: prosesa ya kizazi cha nane, kile kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu ya kutosha. Swali la kuhama au kutohama lilikuwa limejibiwa. Lililobaki lilikuwa dogo, nalo hakuna aliyelitamka: tuhame siku gani, na nani aseme "anza"?

Bibi alikuwa akiyasikiliza yote haya akiwa kwenye mkeka wake, akichambua mchele. Yeye ana historia na habari za tarehe za mwisho, na historia hiyo ni ya Luku.

Mwaka 2024 nchi nzima tulitangaziwa kwamba mita za Luku zinatakiwa kuboreshwa kabla ya Novemba 24, la sivyo hazitapokea tena tokeni. Sababu yake iko mbali na Tanga. Mita hizi, zinazotumika katika nchi nyingi, zinafuata utaratibu mmoja wa kimataifa: kila tokeni ina muhuri wa dakika iliyotolewa, na dakika hizo zinahesabiwa tangu Januari 1, 1993. Waliobuni utaratibu waliutengea muhuri huo nafasi inayobeba namba 16,777,216 tu. Dakika hizo ni kama miaka 32. Novemba 24, 2024 zilikuwa zinakwisha, na mita isiyobadilishwa ingeziona tokeni mpya kuwa ni za zamani na kuzikataa. Dawa yake ilikuwa kuipa mita ufunguo mpya na kuianzishia hesabu upya kuanzia 2014. Kwa mteja ilikuwa ni kazi ya dakika chache: ukinunua umeme, unaletewa makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini. Unaingiza la kwanza, unaingiza la pili, na la tatu ndilo lenye umeme wenyewe.

Bibi alikataa. Si kwa ujinga. Alikuwa na sababu. Mita ilikuwa ikifanya kazi. Umeme ulikuwemo. Na yeye, kwa tabia yake ya kuweka akiba, alikuwa ameshanunua tokeni nyingine ya zamani, imeandikwa kwenye karatasi na kufungwa kwenye pindo la kanga, akiisubiri siku umeme utakapopungua. Mume wangu akambembeleza wiki baada ya wiki. Novemba ilipokuwa inayoyoma, akaridhia, na mume wangu akaziingiza zile tarakimu mwenyewe, makundi yote matatu, mita ikakubali. Umeme uliokuwemo ukabaki palepale. Siku ulipopungua, Bibi akafungua pindo, akasoma ile tokeni ya akiba tarakimu moja moja, na mita ikaikataa. Tokeni ya ufunguo wa zamani haifunguki kwa ufunguo mpya. Ilitakiwa iingizwe kwanza, kabla ya mabadiliko, na hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza Bibi: una akiba yoyote mahali? Mume wangu akabeba karatasi ile hadi ofisini, wakamsaidia.

Kwa hiyo Bibi aliposikia "tarehe 14" akauliza swali moja tu, tena kwa upole. "Ikipita siku hiyo, mashine itazimika?"

"Haizimiki, mama," shemeji akajibu. "Itaendelea kama kawaida. Ila haitakuwa na ulinzi mpya."

"Basi si kama Luku."

Alikuwa amegusa kiini cha jambo, na laiti tungemsikiliza sawasawa. Tarehe ya Luku ilikuwa ya kukatika: siku moja kabla unapata, siku moja baada hupati. Tarehe ya Windows 10 ilikuwa ya kuachwa njiani: hatari inaanza ndogo na kukua kadiri miezi inavyopita. Kwa ya kwanza hakuna mjadala, unafanya mapema ukiwa na nafasi. Kwa ya pili, siku nne za kungoja harusi ipite zisingetudhuru. Tena kulikuwa na mlango mwingine kabisa. Microsoft walikuwa wametangaza kwamba mtu wa nyumbani anaweza kujiandikisha apewe masahihisho ya usalama ya Windows 10 kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au kwa pointi 1,000 za zawadi zao, au bila malipo akikubali mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe kwenye akaunti yake ya Microsoft. Hilo shemeji hakulitaja. Alikuwa ameikazia macho tarehe.

Usiku wa Jumatatu, kuamkia sikukuu, watu wote wakiwa wamelala, shemeji akanunua bando la usiku, lile la bei nafuu, akaweka laptopu mezani sebuleni, akachomeka chaji, akaanza. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka tuamke tukute kazi imekwisha, dada yake aingie kwenye kikao na mashine salama.

Toleo jipya likaanza kushuka. Likamwambia nafasi haitoshi.

Akafanya ambalo fundi yeyote angefanya: akatafuta folda nzito. Akaikuta moja imeandikwa "Harusi 2023", imejaa video za harusi ya binamu yao, GB nyingi. Akajua video hizo zina nakala kwenye flashi ya mume wangu, na hilo lilikuwa kweli. Akaifuta folda nzima. Kisha, kwa kuwa vitu vilivyofutwa hukaa kwenye pipa la taka na kuendelea kushika nafasi, akalimwaga na pipa.

Asichokijua ni namna dada yake anavyofanya kazi. Wifi haanzi orodha mpya kutoka mwanzo. Hufungua orodha ya harusi iliyopita, ambayo tayari ina majina ya ukoo mzima kwa mpangilio anaoutaka, akafuta pesa za zamani, akaandika mpya, akaihifadhi kwa jina jipya palepale ilipokuwa ya zamani. Orodha ya michango ya harusi ya Jumamosi ilikuwa ndani ya "Harusi 2023".

Nafasi ikapatikana. Upandishaji ukaendelea. Shemeji akaona asilimia zinapanda taratibu, akaenda kulala.

Bibi huamka kabla ya alfajiri kuswali tahajudi. Akapita sebuleni, akakuta laptopu inawaka peke yake, ina maandishi ya Kiingereza kwenye kioo na waya ukutani. Kwa Bibi, kitu kinachokula umeme usiku bila mtu mbele yake ni kitu kilichosahauliwa. Akachomoa chaji, akauzungusha vizuri waya wake, akaiweka juu ya kabati, akaenda kuswali. Alipomaliza nyiradi zake, kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi.

Asubuhi wifi alikuja mapema na vitumbua. Akawasha laptopu. Ikachukua muda mrefu, ikaandika kwamba inarudisha toleo la awali, ikazunguka, ikazima, ikawaka, na hatimaye ikafunguka. Windows 10, picha ileile ya ufukwe wa Raskazone aliyoiweka mume wangu. Mfumo ulikuwa umejiokoa. Umeme ulipokatika katikati ya kazi, ulirudi nyuma wenyewe mpaka pale ulipokuwa salama, nami naliheshimu sana jambo hilo. Lakini mfumo hujirudishia mafaili yake. Lililofutwa na mkono wa mtu kabla ya hapo halimo katika hesabu zake.

Wifi akatafuta folda. Akatafuta tena. Kisha akaita, bila kupandisha sauti: "Nani ameshika hii mashine usiku?"

Shemeji akatoka chumbani na tabasamu la mtu anayetarajia kupongezwa. Likamtoka alipoona uso wa dada yake.

Nataka msomaji aelewe orodha ya michango ni kitu gani, maana asiyewahi kuwa mhazini anaweza kuona ni jedwali tu la majina na pesa. Kila mstari una jina la mtu, ahadi yake, alicholipa, kilichobaki, na kadi anayostahili, ya mmoja au ya wawili. Mtu aliyeahidi laki moja akatoa elfu sitini, halafu elfu ishirini, anaweza kuwa ameuza kuku ili apate hiyo ishirini. Ukimwambia mbele ya watu kwamba anadaiwa arobaini wakati anadaiwa ishirini, umemvunjia heshima, na atalikumbuka msiba ujao na harusi ijayo. Na aliyetoa zaidi ya ahadi yake kimyakimya, asitajwe, naye hasemi kitu, ila anaumia. Wifi amekuwa mhazini wa ukoo miaka mingi na hajawahi kupoteza hata senti. Watu humpa pesa bila risiti. Heshima hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye faili lile, na kikao kilikuwa saa kumi.

Alikaa kwenye kochi, mtandio umemwangukia mabegani. "Mdogo wangu," akasema, "kwa nini hukuniuliza?"

Shemeji hakuwa na jibu. Akashika mashine, akapakua programu za kufufua mafaili, akahangaika nazo mpaka jasho likamtoka. Haikuwezekana. Diski za aina ya SSD, kama ya kwetu, zikishaambiwa nafasi fulani haina kazi tena, huisafisha ili iandikwe upya haraka, na juu ya hapo zilikuwa zimeshaandikwa GB kadhaa za toleo jipya. Alipolikubali hilo akatoka nje, akakaa chini ya mwembe. Mume wangu akamfuata, wakakaa pamoja bila kusema kitu. Baadaye akarudi naye ndani. "Huu si wakati wa kulaumiana," mume wangu akasema. "Leteni daftari na kalamu."

Hapo ndipo nyumba ilipofanya kazi ambayo sitaisahau. Binti yetu akafungua kundi la WhatsApp la kamati, akarudi nyuma mpaka akapata picha ya orodha ambayo wifi aliituma mara ya mwisho. Ilikuwa ya wiki zilizopita, lakini ilikuwa msingi. Wifi akachukua simu yake na kuanza kusoma ujumbe wa pesa za mtandao, mmoja baada ya mwingine, jina, kiasi, tarehe, na shemeji akaandika. Mkono wake ulikuwa unatetemeka mwanzoni. Wifi akamwona, akamsogezea chai na kitumbua, wakaendelea. Mimi nikapiga simu kwa mjumbe anayekusanya michango ya wanaume msikitini; yeye, alhamdulillahi, ni mtu wa daftari.

Zikabaki pesa taslimu za wanawake. Hizo nyingi zilipitia kwa Bibi, kwa sababu mashangazi, majirani na akina mama wa sokoni hawapendi kutuma kwa simu. Hupita, husalimia, hukaa, hutoa. Bibi huzipeleka kwa wifi. Hakuna ujumbe wala risiti.

Bibi akaja akakaa katikati yetu. Tulikuwa tumeshamweleza ile chaji ilikuwa ya nini, naye alikuwa ameinama. Akafumba macho, akaanza kutaja. Hakutaja kwa pesa, alitaja kwa watu. Fulani alikuja siku ile ya mvua, alivaa kanga mpya, akatoa elfu hamsini, akasema nyingine mwisho wa mwezi. Fulani alileta elfu thelathini, akataka achenjiwe noti ikakosekana, akaiacha yote. Kila jina alilitaja na siku yake na maneno yake. Wifi akawa anatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, nakumbuka hiyo.

Tulipojumlisha, pesa zilizokuwepo benki, kwenye simu na kwenye bahasha zilizidi orodha kwa elfu thelathini. Zilizidi, hazikupungua. Lakini kwa mhazini pesa isiyo na jina ni mzigo uleule. Wifi akakataa kuingia kwenye kikao nazo hivyo. Tukapitia upya majina yote. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, tukaswali, tukarudi. Ni Bibi aliyekumbuka, akiwa anakunja mswala: mwanamke anayetuuzia samaki. Hakuwahi kutoa ahadi, kwa hiyo hakuwemo kwenye orodha yoyote. Alikuwa akitoa elfu kumi kumi kila akipita na beseni lake, akisema ni za chumvi ya pilau. Mara tatu. Wifi akaandika jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa, na mbele yake kadi ya watu wawili.

Saa kumi kikao kikafunguliwa. Wifi akawaambia wajumbe ukweli wote, kwamba orodha ilifutika na imeandikwa upya, akawaomba kila mmoja akague mstari wake. Mistari miwili ikasahihishwa palepale. Salio la ukumbi likalipwa kesho yake. Jumamosi mtoto akaolewa, na aliyeuza samaki alikaa meza ya mbele pamoja na Bibi.

Kuhama tulihama, baada ya wageni kuondoka na sufuria za watu kurudishwa. Safari hii shemeji alimwuliza kila mtu, mmoja mmoja, nini chake kimo ndani ya mashine na atakihitaji lini. Binti alikuwa na jaribio wiki inayofuata, kwa hiyo mazoezi yake yakachapishwa kwanza. Oda zangu za keki zikanakiliwa kwenye flashi. Orodha za wifi zote zikawekwa kwenye flashi mbili, moja akaichukua nyumbani kwake, na folda zikapewa majina yanayoeleweka hata na asiyeziandika. Video ndizo zilizoondolewa, baada ya kuhakikishwa kwamba nakala zake zinafunguka. Kuwa na nakala ambayo hujawahi kuifungua hakutoshi. Mume wangu akaandika "USICHOMOE" kwenye karatasi, akaibandika juu ya soketi. Bibi akavuta mkeka wake karibu, akakaa na tasbihi, akilinda waya. Ilikuwa asubuhi, si usiku, umeme umetosha, na hakuna aliyekuwa na kazi ya haraka siku ile. Wifi ndiye aliyesema, "Bismillahi, anza."

Ilikubali. Printa tu ndiyo iliyogoma, mpaka shemeji alipopakua programu yake mpya, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na cha kuchapisha, hakuna aliyekereka. Akatueleza pia kwamba tunazo siku kumi za kurudi Windows 10 tukitaka, mradi tusiifute ile folda kubwa ya mfumo wa zamani, hata kama inashika nafasi. Hatukuhitaji kurudi. Lakini nilifurahi kumwona safari hii akimweleza dada yake njia ya kurudi kabla hajaulizwa.

Shemeji sasa yuko chuoni. Wenzake wakimwuliza wahame lini, huwauliza kwanza kazi ya nani imo ndani ya mashine. Naye amenunua betri mpya ya laptopu kwa pesa zake mwenyewe, akaituma kwa basi.

Ndugu msomaji, ikiwa kompyuta ya nyumbani kwako bado ina Windows 10, angalia leo kama inaweza kupokea Windows 11. Ikiwa haiwezi, au bado hujawa tayari, jiandikishe upate masahihisho ya usalama, ambayo kwa mtu wa nyumbani yanakwenda hadi Oktoba 13, 2026, na tumia muda huo kujipanga. Usihame wiki ya harusi, ya msiba, ya mtihani wala ya kufunga hesabu. Na ikiwa wewe ndiye mtaalamu wa nyumba, kabla hujabonyeza chochote, nenda kamwulize mhazini.